Usukani Umfuatao Dereva

Barabara itokayo ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro kuja Endulen haina lami. Ni ya udongo na changarawe, na sehemu kubwa ya udongo wa nchi hii ni majivu ya volkano yaliyomwagika zamani mno. Pale Laetoli, jirani yetu, majivu ya namna hiyo yalilowa mvua, yakakanyagwa, yakakauka, yakafunikwa. Na mwaka 1978 kundi la Dk. Mary Leakey likafukua ndani yake nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita. Lakini majivu yakanyagwayo na lori la tani kumi hayatunzi unyayo wa mtu. Wakati wa kiangazi huwa vumbi na vituta vidogo vilivyopangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Wakati wa masika huwa tope na makorongo.

Barabara ya namna hiyo huishi kwa greda. Greda lisipopita kwa muda mrefu, gari lililochukua mgonjwa huchelewa kufika hospitali, lori la mahindi kutoka Karatu hukwama njiani na bei ya debe hupanda, na wanafunzi warudio shule baada ya likizo hufika wamechelewa. Ndiyo maana watoto hulikimbilia greda lipitapo. Wengi hutazama bledi, yaani lile bapa refu la chuma likwanguapo udongo. Makala hii yataka tutazame kitu kingine, kilicho juu, ndani ya chumba cha dereva. Kitu hicho ni usukani.

Usukani wa mtambo mkubwa wa siku hizi una tabia mbili za kustaajabisha. Ya kwanza, aghalabu haukuungwa na magurudumu kwa chuma chochote. Ya pili, dereva aweza kuuinamisha au kuuinua, kuuvuta karibu au kuusukuma mbali, kisha akaukaza mahali panapomfaa. Tukiifahamu tabia ya kwanza, ya pili itafahamika kwa urahisi. Tena tutaona kwamba jambo hili, ijapokuwa laonekana dogo, lahusu mgongo wa mfanyakazi, usalama wa wapita njia, na hata swali la nani miongoni mwetu aweza kuifanya kazi hiyo.

KAZI YA MIKONO YA DEREVA WA GREDA

Dereva wa lori hushika usukani na kubadili gia. Dereva wa greda hufanya hayo na mengine mengi. Bledi yake hupandishwa na kushushwa kila upande peke yake, husogezwa kushoto na kulia, huzungushwa, huinamishwa mbele na nyuma. Magurudumu ya mbele hugeuka kama ya gari, na zaidi ya hayo hulala upande, ili greda lisisukumwe kando na mzigo wa udongo. Tangu miaka ya 1970 magreda mengi yametengenezwa kwa namna ambayo mwili wenyewe hukunjika kiunoni, sehemu ya mbele ikaelekea upande mmoja na ya nyuma upande mwingine.

Mambo haya yote hutendeka mtambo ukitembea, na macho ya dereva yakiwa chini, kwenye ncha ya bledi. Barabara njema ya udongo haiwi sawasawa kama meza. Hufanyiwa mgongo katikati ili maji yateremke mferejini. Mgongo ukikosekana, maji hutuama, magari hupita ndani yake, na baada ya wiki chache pale palipokuwa na kidimbwi pana shimo. Kwa hiyo bledi ikishuka sentimeta mbili zaidi ya ilivyotakiwa, kosa hilo litaonekana mvua inyeshapo. Mkono uliochoka huandika uchovu wake barabarani.

ZAMANI: RODI, MENO NA MIKONO

Mwaka 1885 Bwana Joseph D. Adams wa Indiana, Marekani, alitengeneza greda la kukokotwa na wanyama, lenye magurudumu ya kulala upande. Mwaka 1931 kampuni ya Caterpillar ilitoa mtambo ulioitwa Auto Patrol, ambao injini na greda vilikuwa kitu kimoja. Tangu hapo greda likawa mtambo ujiendeshao wenyewe.

Katika mitambo ya siku hizo usukani uliungana na magurudumu kwa chuma. Chini ya usukani palikuwa na rodi. Mwisho wa rodi palikuwa na gia za meno. Na baada ya gia palikuwa na vyuma vingine vilivyoyasukuma magurudumu. Njia hii ina matatizo mawili. La kwanza ni kwamba chuma hupeleka pigo pande zote mbili: mkono hulisukuma gurudumu, lakini gurudumu nalo likigonga jiwe huurudishia mkono pigo lile. La pili ni kwamba rodi ya chuma haina hiari. Usukani ulikaa pale rodi ilipoishia, basi. Madereva wengi wa magreda ya zamani walifanya kazi wakiwa wamesimama ili waione bledi vizuri. Aliyekuwa mrefu aliinama juu ya usukani kutwa nzima, na aliyekuwa mfupi alijinyoosha kuufikia.

Hapa nchini kwetu mitambo mikubwa ilionekana kwa wingi mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matingatinga yaliyokwisha kutumika vitani yaliletwa kufyeka pori. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mpango ule uliachwa mwaka 1951, kwa kuwa ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutosha, na mitambo iliharibika upesi kuliko ilivyotengenezwa. Hata hivyo vijana wa Tanganyika walijifunza huko kuendesha mitambo.

Katapila la siku zile halikuwa na usukani wa mviringo. Lilikuwa na fimbo mbili za chuma mbele ya dereva. Alipotaka kwenda kushoto alivuta fimbo ya kushoto, mnyororo wa upande huo ukakosa nguvu za injini, na alipotaka kugeuka kwa ghafula alikanyaga breki ya upande huo. Kazi hiyo ilifanywa mara nyingi kwa siku. Fimbo hazikurefuka wala kufupika. Mtambo ulikwisha kumchagulia dereva umbo lake kabla hajaajiriwa.

MAFUTA BADALA YA CHUMA

Badiliko kubwa lilikuja wahandisi walipoacha kupeleka nguvu kwa rodi wakaanza kuzipeleka kwa mafuta yaliyofungiwa ndani ya mabomba. Kanuni yenyewe ni ya Blaise Pascal, mtaalamu wa Ufaransa aliyeishi tangu mwaka 1623 hata 1662. Alieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa, kikikandamizwa mahali pamoja, hupeleka mkandamizo uleule kila upande. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni hii, lakini huenda hawakupata kuiona ikitengeneza barabara.

Na tuhesabu. Tuseme silinda ya kugeuzia magurudumu ina upana wa sentimeta 8 kwa ndani. Nusu yake ni sentimeta 4. Kwa hiyo eneo la pistoni yake ni kiasi cha sentimeta 50 za mraba. Tuseme tena pampu ya mtambo yatoa mkandamizo wa kilo 150 kwa kila sentimeta moja ya mraba. Zidisha 50 kwa 150, utapata kilo 7,500, yaani tani saba na nusu. Nguvu hizo zatoka katika silinda moja ambayo mtu aweza kuibeba begani. Greda la kawaida lina uzito wa kati ya tani 14 na 20, na sehemu tu ya uzito huo huangukia magurudumu ya mbele. Basi hatushangai likigeuzwa kwa kidole kimoja.

Lakini je, usukani wenyewe wafanya nini, ikiwa nguvu zote zatoka kwa pampu? Hapa ndipo penye siri. Chini ya usukani pana kifaa kidogo cha mviringo chenye meno ndani yake. Dereva azungushapo usukani, meno yale huzunguka na kupima mafuta, kama vile muuza duka apimavyo mafuta ya taa kwa kibaba. Zungusha kidogo, na kibaba kidogo cha mafuta huenda kwenye silinda. Zungusha sana, na vibaba vingi hufuatana. Zungusha kulia, mafuta huenda upande mmoja wa silinda; zungusha kushoto, huenda upande wa pili. Ukiacha kuzungusha, mafuta husimama, na magurudumu hubaki pale yalipo. Basi usukani wa mtambo huu hausukumi gurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kupima na kuamuru.

Kutokana na hayo twapata jambo moja ambalo humshangaza dereva wa gari dogo apandapo greda mara ya kwanza. Katika gari, magurudumu yakinyooka, usukani nao hurudi mahali pake palepale. Katika mtambo wa mafuta, kiasi kidogo sana cha mafuta hupenya kati ya meno ya kile kifaa. Kwa hiyo baada ya kugeuka mara nyingi usukani huweza kuwa umehama, magurudumu yamenyooka lakini kile kishikio kidogo cha mviringo kilichokuwa juu sasa kiko ubavuni. Dereva mzoefu hautegemei usukani kumwambia magurudumu yameelekea wapi. Huyatazama magurudumu yenyewe.

Na injini ikizimika ghafula? Pampu husimama. Katika mitambo mingi kile kifaa cha kupimia huweza kugeuka kuwa pampu ya mkono, na dereva akaendelea kugeuza magurudumu, ila usukani huwa mzito mno. Mitambo mikubwa zaidi huwekewa pampu ya akiba kwa ajili ya dharura hiyo. Lakini kwenye mteremko, dereva mwenye akili haingoji pampu ya akiba: hushusha bledi chini ikawa nanga yake, na kukanyaga breki.

JARIBIO LA KUFANYA SHULENI

Chukua mabomba mawili mapya ya sindano, bila sindano zake, moja dogo na moja kubwa. Yaunge kwa mrija mwembamba wa plastiki uliojaa maji, na uhakikishe kwamba hakuna kiputo cha hewa ndani. Sukuma pistoni ya bomba dogo: ile ya bomba kubwa itainuka. Mwambie mwenzako aizuie ile kubwa kwa kidole gumba, nawe usukume ile ndogo. Utamshinda, hata kama yeye ana nguvu kuliko wewe.

Kisha pima mwendo. Ikiwa eneo la pistoni kubwa ni mara nne ya ile ndogo, itakulazimu kusukuma ndogo sentimeta 4 ili kubwa iende sentimeta 1. Nguvu zimeongezeka mara nne, mwendo umepungua mara nne. Hapana kitu cha bure. Katika bomba lako nguvu zote zimetoka mkononi mwako, nawe umezilipia kwa mwendo. Katika greda mwenye kulipa ni pampu, nayo hulipa kwa nguvu za injini. Mkono wa dereva wapima tu.

Mwisho, fanya jambo la tatu ambalo ndilo la maana zaidi kwetu. Shika bomba dogo, lipandishe juu, lishushe, lipeleke kushoto na kulia, ulilaze ubavu, huku ukisukuma pistoni. Bomba kubwa halina habari. Hufanya kazi ileile, popote lilipo lile dogo, maadamu mrija haukukatika. Kama badala ya mrija ungaliweka kijiti kigumu, usingaliweza kufanya hivyo.

USUKANI UNAPOPEWA UHURU

Sasa msomaji amekwisha kuiona sababu. Madhali kati ya usukani na magurudumu pana mipira ya mafuta tu, ambayo hupinda kama kamba, hakuna haja ya usukani kukaa mahali pamoja. Mtengenezaji aweza kuuweka mbele ya dereva popote, na aweza pia kumwachia dereva mwenyewe auweke.

Jambo hili hufanywa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, kile kifaa cha kupimia hukaa chini ya sakafu, na nguzo ya usukani huwa na kiungo kinachopinda, kama kiwiko cha mkono, ili sehemu ya juu iweze kuinama. Ndani ya nguzo pana vyuma viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine, vyenye meno marefu ya kushikana. Vyuma hivyo huweza kuchomoka kidogo au kuzama kidogo bila kuacha kuzunguka pamoja. Hivyo nguzo hurefuka na kufupika. Katika njia ya pili, usukani, nguzo, na kifaa cha kupimia vyote huinama pamoja kama kitu kimoja, na mipira ya mafuta hupinda kuvifuata. Katika magreda yenye fimbo za kuongozea bledi, mara nyingi fimbo hizo nazo huinama pamoja na usukani, ili zisiachwe mbali na mikono.

Ili usukani usitikisike, huwekwa kifungo. Dereva huvuta kitasa kidogo, au hukanyaga pedali, na kifungo huachia. Springi hubeba uzito wa nguzo isije ikaanguka magotini. Akiisha kuiweka apendapo, huachia kitasa, na meno ya kifungo huuma tena.

Magari madogo nayo yalipata usukani wa kuinama; kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza usukani wa namna hiyo mwaka 1963. Lakini kwa mwenye gari jambo hilo lilikuwa starehe, na lilimrahisishia kuingia na kutoka. Kwa dereva wa greda ni jambo la kazi. Yeye huketi hapo kwa saa nane au zaidi, mara huketi, mara huinuka kuchungulia bledi, na barabara aitengenezayo ni mbaya, kwani ingalikuwa nzuri asingaliitwa.

MWILI WA DEREVA

Watengenezaji wa mitambo wana kanuni za kimataifa zinazoeleza vipimo vya miili ya waendesha mitambo, tangu mtu mfupi wa mita moja na nusu na ushei hata mtu mrefu wa karibu mita 1.9. Chumba cha dereva chapaswa kuwafaa wote hao. Haiwezekani usukani usiosogea ukawafaa. Ukimfaa mmoja, utamtesa mwingine.

Mateso hayo hayaonekani siku ya kwanza. Usukani ukiwa mbali, dereva huvuta mabega mbele na mgongo wake huacha egemeo la kiti. Ukiwa juu mno, mabega hupanda karibu na masikio, na shingo hukakamaa. Ukiwa chini mno, hugusa mapaja, na miguu haiwezi kufikia breki upesi. Ongeza juu ya hayo mtikisiko wa mtambo. Mtikisiko upitao katika kiti kwa miaka mingi hujulikana kuumiza uti wa mgongo, hata Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulitoa agizo la kuweka mpaka wa mtikisiko ambao mfanyakazi aruhusiwa kuupata kwa siku. Mgongo uliokaa vizuri kwenye egemeo huuvumilia mtikisiko kuliko mgongo uliopinda. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri kutunza usalama na afya ya wafanyakazi wake. Basi mwajiri aachaye kifungo cha usukani kikae kimeharibika, kimefungwa kwa waya au kwa mpira wa tyubu, asiseme ni jambo dogo.

KUTOKA USUKANI HADI VIJITI

Kampuni ya Caterpillar ilikwenda mbali zaidi. Karibu na mwaka 2007 ilitoa magreda yasiyo na usukani wa mviringo kabisa, wala zile fimbo nyingi. Mahali pake paliwekwa vijiti viwili vifupi, kimoja kila upande wa kiti, vikisimama karibu na mahali pa kuegemeza mikono, na mahali hapo hupandishwa na kushushwa kumfuata dereva. Kijiti hutuma ishara ya umeme, na umeme ndio uufunguao mlango wa mafuta. Mikono haisafiri tena kutoka fimbo hadi fimbo. Kazi kubwa hufanywa na viganja na vidole. Mbele ya dereva pamebaki wazi, naye huiona bledi bila kuchungulia.

Je, madereva wote walifurahi? La. Walikuwapo waliozoea usukani na fimbo kwa miaka mingi, ambao mikono yao ilijua kazi bila kuulizwa. Baadaye kampuni hiyohiyo ikauza tena magreda mapya yenye usukani na fimbo, pamoja na yale ya vijiti, mnunuzi ajichagulie. Hapa pana fundisho. Kumfuata dereva si kusogeza usukani sentimeta kumi tu. Ni kukubali pia kwamba ujuzi wake ni sehemu ya mtambo. Tena katika nchi kama yetu pana hesabu nyingine: fundi aweza kuona kwa macho mpira wa mafuta uliopasuka, lakini ishara ya umeme iliyopotea yataka vyombo maalumu vya kuitafutia.

NAMNA YA KUUWEKA USUKANI

Kwa faida ya wale watakaokuwa waendesha mitambo, na wale ambao tayari wanaendesha matrekta na malori, huu ndio utaratibu ufaao.

Kwanza, mtambo usimame mahali pa sawasawa, bledi iwe chini, na breki ya kuegeshea iwe imekazwa. Usukani hausogezwi mtambo ukitembea, kwani kifungo kikiachia ghafula, usukani huanguka mikononi mwa mtu asiyekuwa tayari.

Pili, anza na kiti, wala si usukani. Keti hata mgongo uguse egemeo lote. Sogeza kiti mpaka unyayo ukandamize breki hadi mwisho na goti likiwa bado limepinda kidogo. Ikiwa kiti kina springi ya kurekebisha uzito, kirekebishe kwa uzito wako, si kwa uzito wa mwenzako aliyekitumia jana.

Tatu, ulete usukani kwako. Viwiko vipinde, mabega yalegee, viganja vishike bila kunyoosha mikono. Hakikisha waziona saa za mafuta na za joto, na kwamba magoti hayagusi chochote.

Nne, achia kitasa, kisha utikise usukani kwa nguvu, mbele na nyuma. Ukisogea, kifungo hakikuuma, usianze kazi.

Tano, funga mkanda. Mtambo ukipinduka, chumba kilichoimarishwa huweza kumwokoa dereva aliyemo ndani. Hakiwezi kumwokoa aliyerushwa nje.

Mambo haya matano hayachukui dakika tatu. Lakini dereva ayaonaye kuwa ni upuuzi hulipa dakika hizo kwa miaka ya maumivu ya kiuno, na sisi wengine hulipa kwa barabara isiyonyooka.

NANI AWEZA KUENDESHA?

Zamani mtu akisema kwamba greda ni la mwanamume mwenye kifua kipana, alikuwa akisema kweli kwa kiasi fulani, kwa sababu chuma kilidai nguvu. Leo pampu ndiyo yenye nguvu, na usukani husogea. Katika migodi mikubwa ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa wako wanawake waendeshao malori ambayo gurudumu lake moja lampita mtu kimo. Kinachotakiwa sasa ni jicho zuri, subira, hesabu kidogo, na moyo wa kutii taratibu za usalama. Mambo hayo hayakugawiwa kwa kimo wala kwa jinsia. Wazazi walio na mabinti wapendao mashine wasiwakatishe tamaa kwa sababu iliyokwisha kufa pamoja na rodi za chuma.

Njia za kujifunza zipo. Chuo cha Ujenzi cha Morogoro kimefundisha waendesha mitambo kwa miaka mingi, na vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa magari na mitambo. Mwanafunzi atakaye kazi hii asidharau somo la fizikia, kwani sura ya mkandamizo wa vimiminika, ambayo wengi huikariri kwa ajili ya mtihani tu, ndiyo igeuzayo magurudumu ya greda.

Masika yajayo, maji yatakapoteremka kutoka Lemagrut na kuikata barabara tena, greda litaitwa. Litakapofika, wanafunzi na wasimame kando, mahali pa usalama, wamtazame dereva na si bledi peke yake. Kama mgongo wake umeegemea kiti na viwiko vyake vimetulia, wajue kwamba kazi imeanza vizuri kabla udongo haujaguswa.